Fidla Nyuma ya Pazia

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Ni matumaini yangu kwamba barua hii inakukuta ukiwa mzima, na kwamba goti lako jipya limeanza kukutii kuliko nilivyokutii mimi utotoni. Dada aliniambia kuwa sasa unapanda ngazi bila kushika ukuta, na kwamba daktari alipokuamuru upumzike ulimwuliza yeye mwenyewe hupumzika saa ngapi. Nilicheka peke yangu jikoni hadi mjukuu wako akaja kuuliza kuna nini. Sisi huku hatujambo. Mjukuu wako ameng'oka jino la mbele na anapiga mluzi kwa pengo lake kutwa nzima. Mimi sina ninaloumwa isipokuwa bega la kulia, ambalo nitalifikia.

Utajiuliza kwa nini nimeandika wakati simu ipo. Ni kwa sababu siwezi kukueleza jambo refu kwenye simu nikalimaliza. Umefanya kazi ya opereta wa simu maisha yako yote, na masikio yako hayajastaafu hata kama mwenyewe umestaafu. Mtu akisema halo tu, wewe umeshajua anataka nini na umeshamjibu. Kwenye barua utanivumilia nifike mwisho. Ukiruka mistari ukaenda kuchungulia chini kwanza, hiyo ni juu yako, lakini nakusihi usifanye hivyo.

Nimeipokea barua yako, na nimeisoma mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri. Umesema kwamba baada ya safari zote zilizoahirishwa kwa ajili ya goti, sasa utakuja kunisikiliza kwenye onyesho la kufungulia msimu, na nguo umeshapeleka kwa fundi. Umesema unataka kuniona nimekaa kwenye kiti changu na fidla yangu, nimevaa gauni jeusi kama kwenye ile picha iliyo juu ya redio. Halafu pembeni, kwa maandishi madogo yaliyopanda juu kufuata ukingo wa karatasi, ukaongeza swali. Ukasema tangu ulipoambiwa nimeshikizwa kuongoza okestra kuna jambo linakuwasha: huyo mtu anayesimama mbele akipunga mikono, yeye anapiga nini? Na kama hapigi kitu, siku akikaa chini kitaharibika nini?

Swali hilo liliniondolea usingizi, Mama, kwa sababu nami nilikuwa najiuliza hilohilo, tena nikiwa nimesimama palepale mbele.

Acha nikueleze mambo yalivyokwenda, maana kwenye simu nimekuwa nikikupa vipande vipande. Unajua kwamba nilikuwa mpiga fidla wa safu ya tatu. Wapiga fidla hukaa wawiliwawili, na kila wawili hutumia stendi moja ya nota. Mwenzangu wa stendi ni yule ninayemwita Jirani, mzee mwenye mabega mapana anayemumunya peremende tangu mazoezi yanapoanza hadi yanapokwisha. Yeye hukaa upande wa wasikilizaji, mimi upande wa ndani, na anayekaa ndani ndiye anayefunua kurasa. Kwa hiyo kazi yangu ya miaka yote ile ilikuwa kupiga fidla, kuacha kupiga, kufunua ukurasa upesi, na kurukia tena kabla treni haijaniacha. Jirani hajawahi kunisifu hata siku moja. Nikipiga vizuri alikuwa akikohoa. Nikikosea alikuwa akichukua penseli na kuichora ile nota duara, taratibu, ili nione.

Kiongozi wetu wa zamani, tuliyemwita Mkuu, alipata kazi kwenye okestra kubwa zaidi na akaondoka katikati ya msimu, akiwa ameacha hata koti lake mlangoni. Mimi nilikuwa nikimsaidia kufundisha kundi la fidla peke yake siku ambazo hakuwa na hamu, basi wakaniomba nishike kijiti chake cha kuongozea kwa muda, mpaka apatikane mtu. Mjomba aliposikia kwamba nimekuwa kondakta aliuliza basi langu linakwenda wapi. Nilimwambia nikijua nitamjulisha. Ule muda ukawa msimu mzima, na mtu hakupatikana, au labda hakutafutwa sana.

Hapo ndipo bega lilipoanza. Fidla huliweka bega la kushoto kazini, kijiti huliamsha la kulia, na la kwangu lilikuwa limezoea kubebwa na upinde. Jambo jingine lilinishangaza zaidi. Unaikumbuka ile sugu nyeusi shingoni mwangu, chini ya taya, ambayo shangazi aliishuku mbele ya wageni hadi ukamletea fidla akajionea mwenyewe inapokaa? Ilianza kufifia. Kila asubuhi nilikuwa nikigeuza shingo mbele ya kioo kuiangalia, kama mtu anayekagua ukuta uliopakwa rangi. Sikujua nifurahi au nilie, na siku nyingine nilifanya yote mawili kabla ya chai.

Sasa nirudi kwenye swali lako. Nilipolisoma niliamua kulijaribu, maana mtoto wa opereta hawezi kuachia swali likae tu. Siku moja kwenye mazoezi tulikuwa tukipiga kipande chenye mwendo wa haraka, ambacho wenzangu wanakijua kama njia ya nyumbani. Katikati nikateremsha mikono, nikasimama kama mtu anayesubiri lifti. Okestra ikaendelea. Haikuyumba hata kidogo, na nadhani mpiga tarumbeta mmoja hakugundua kabisa. Wakaenda hivyo ukurasa mzima, nami nimesimama juu ya kile kisanduku cha mbao nikiona aibu, kama mgeni aliyeingia kwenye sherehe isiyomhusu akakosa pa kuweka mikono yake.

Halafu wakafika pahali ambapo muziki unapunguza mwendo, fidla zote zinanyamaza, na filimbi zinaingia peke yake. Hapo vichwa vyote vikainuka kwa pamoja kunitafuta. Kila mtu alijua zamu yake na nota zake. Wasichojua ni ule ukimya udumu kiasi gani, kwa sababu hakuna aliyeuandika popote, na hauwezi kuamuliwa na watu sabini. Nikainua mkono haraka, nikavuta pumzi, filimbi zikavuta pamoja nami, zikaingia. Ilipendeza, Mama. Vinyweleo vya mikono vilinisimama.

Kwa hiyo jibu lako, kwa kadiri ninavyolijua hadi leo, ni kwamba hapigi kitu, na sehemu kubwa ya wakati anaweza kukaa chini akanywa maji. Lakini kuna mahali hesabu hazitoshi na lazima mtu mmoja aamue kwa niaba ya wote, na asipokuwepo kila mmoja ataamua lake. Nilikukumbuka ukiwa mbele ya ule ubao wako wa nyaya, mimi nimekaa chini ya meza nikichezea viatu vyako. Watu walikuwa wakiongea mambo yao yote, harusi na misiba na biashara, na wewe sauti yako ilisikika kidogo tu, subiri, haya endelea. Ukiondoa waya mmoja, mji mzima unakuwa bubu. Nakumbuka pia kwamba ulinipeleka kujifunza fidla kwa sababu nilianza kuwasimulia majirani yale niliyoyasikia chini ya meza, na ulitaka mikono na kidevu changu vipate shughuli.

Utadhani basi nilifurahi na kutulia. Sikutulia. Mpiga fidla anajua hali yake papo hapo: kidole kikienda pembeni kidogo, sikio linamchoma. Anayeongoza hatoi sauti yoyote, basi atajuaje kama ni mzuri? Na hakuna anayemwambia kweli. Vichekesho vyangu, ambavyo nyote nyumbani mnajua havijawahi kuchekesha, ghafla vikaanza kuchekesha. Nikiingia chumba cha mapumziko mazungumzo yanabadilika. Jirani akawa ananiita Mheshimiwa, na hakuchora tena duara lolote, kwa kuwa hakuwa na nota zangu za kuchora. Nilikuwa mpweke mbele ya watu, Mama, na nilikuwa na hofu kwamba nimeacha kitu ninachokijua kwa ajili ya kitu ambacho siwezi hata kukisikia.

Ndipo meneja aliponiita ofisini. Akasema kiti changu cha fidla kimekaa wazi muda mrefu, sheria haziruhusu, na kimeshatangazwa. Akanipa mkataba wa kuwa kiongozi wa kudumu nikausome. Nilimwuliza, je, kama ningependa kurudi kwenye kiti? Akacheka, akasema kiti sasa ni cha yeyote, nikikitaka nikaombe kama watu wengine. Yeye alikuwa akitania. Mimi nilitoka pale nikiwa sitanii.

Labda nikueleze usaili wetu unavyofanyika, maana najua utaupenda. Mwombaji haonekani. Jukwaa hukatwa katikati kwa pazia zito. Upande mmoja wanakaa wapigaji saba wa jopo, upande mwingine anaingizwa mwombaji mwenye namba badala ya jina. Sakafu hutandikwa zulia ili viatu visimtaje kama ni mwanamume au mwanamke. Haruhusiwi kusema hata neno moja. Akiwa na swali anamnong'oneza karani, na karani ndiye anayeuliza kwa sauti. Mjumbe wa jopo akimtambua mwombaji kwa namna yoyote ile anapaswa kunyoosha mkono na kutoka, ili asipendelee wala asikomoe. Kwa kawaida kiongozi wa okestra naye hukaa kwenye jopo. Safari hii niliomba udhuru, nikasema nina shughuli siku hiyo ambayo siwezi kuiahirisha.

Shughuli yenyewe, Mama, ndiyo hii iliyonifanya nichukue kalamu. Nilikuwa nyuma ya pazia. Nilikuwa mwombaji namba nne, nimevua viatu juu ya zulia, nimeshika fidla yangu, naomba kiti changu mwenyewe kwa watu ninaowaongoza. Aliyejua ni karani peke yake, na aliapa kwa mama yake kwamba hatasema, nami sasa naapa kwa wangu kwamba ni kweli.

Sikufanya hivyo kwa mzaha, wala kwa kuwategea wenzangu. Nilitaka kujua. Nilitaka mtu yeyote anisikie bila kujua ni mimi, kisha aseme ndiyo au hapana. Na nilitaka kiti kile, nisikufiche. Nilikuwa nimefanya mazoezi wiki na wiki chumbani kwa mjukuu wako, nimetia kitambaa kwenye fidla ili majirani wa chini wasigonge dari, mpaka ile sugu ikarudi ikawa nyeusi tena. Nilijiona nimekaa upande wa ndani, nafunua kurasa, na wewe uko safu ya mbele na nguo yako mpya, unaniona nilivyo kwenye picha.

Nilipiga. Mikono ilisahau mwanzoni, kisha ikakumbuka. Walinichuja hadi tukabaki wawili, mimi na namba tisa. Nilisikia viti vikisogezwa upande wa pili na mtu akimumunya kitu, nikajua Jirani yumo kwenye jopo. Tuliokaa bega kwa bega miaka yote ile sasa tulitenganishwa na kitambaa, nami nikajikuta nasubiri akohoe. Hakukohoa. Wakatuambia tupige kipande kimoja tu cha mwisho, na kilikuwa ni kilekile cha mwendo wa haraka nilichokueleza, pamoja na pale pahali ambapo fidla hunyamaza. Baadaye karani akatoka akaniambia taratibu kwamba kiti kimekwenda kwa namba tisa.

Nilikaa kwenye ngazi za nyuma na fidla mapajani, nikalia kama mtoto. Sitaki kulipamba. Wenzangu walinisikia, hawakunijua, na hawakunitaka.

Siku iliyofuata Jirani alinikuta nikipanga nota kabla ya mazoezi. Alitoa peremende mdomoni, jambo ambalo sijawahi kuliona, akaniambia kwamba alinijua. Akasema alinijua kwenye kipande cha mwisho, pale fidla ziliponyamaza. Nyuma ya pazia hakukuwa na filimbi yoyote, kulikuwa na mtu mmoja na fidla yake, na kila mwombaji mwingine alikaa kimya akihesabu kisha akaendelea. Lakini namba nne alivuta pumzi kuziingiza filimbi. Akasema aliivuta kwa nguvu kiasi kwamba jopo zima, watu saba wazima na karatasi zao, nao walivuta pumzi, na mpiga filimbi aliyekuwa mmoja wao aliiweka midomo yake tayari kupiga. Wengine hawakujua kimewapata nini. Yeye alijua.

Nikamwuliza kwa nini basi hakunyoosha mkono atoke kama sheria inavyotaka. Akasema alinyoosha, ila ulipofika juu akajikuna kichwa. Kisha akaniambia kwamba kura zilikuwa tatu kwa tatu, na yake ndiyo iliyoamua, na alinipigia hapana.

Nilikasirika, Mama. Nilimwambia maneno ambayo hukunifundisha wewe. Alisubiri nimalize, akanipa sababu zake bila haraka. Kwanza, namba tisa anapiga vizuri kuniliko, na kama sina masikio ya kulijua hilo basi nisiongoze mtu. Pili, hataki kushiriki stendi na mtu ambaye atakuwa anamkodolea jicho kila anapochelewa. Tatu, alisema, na hapa akaangalia pembeni, kwamba mtu anayeziingiza filimbi ambazo hazipo amekwisha hama kwenye kile kiti, hata kama mwenyewe bado anakitafuta. Halafu akarudisha peremende mdomoni. Hadi leo sijui ipi kati ya sababu hizo ndiyo ya kweli, na nimeuliza mara tatu.

Ningeweza kwenda kwa meneja nikamweleza, na kura ikarudiwa. Nilifika mpaka mlangoni kwake. Nikiwa pale nimeshika kitasa nilijaribu kukumbuka nilivyokipiga kile kipande cha mwisho, nota zangu, upinde wangu, nijue kama kweli nilistahili. Sikukumbuka hata moja. Nilichokumbuka ni filimbi, nilivyozisikia zikiingia kule nyuma ya pazia, wazi kabisa, kwa wakati wake. Nikafungua mlango nikatia saini ule mkataba. Meneja alinipongeza akidhani nimefurahi. Nilikuwa na hofu tupu, na bado ninayo, lakini nikijiuliza kama ningependa kuwa mahali pengine, jibu linakuja hapana kabla sijamaliza kuuliza. Namba tisa ameshaanza kazi. Ni msichana mwembamba anayefunua kurasa bila kutoa sauti, na ni kweli, anapiga vizuri kuniliko. Jirani ameshaanza kumkoholea.

Fidla yangu nitaendelea kuipiga nyumbani. Msalimie Dada, umwambie ahsante kwa kukupeleka kwa daktari na kwa kunipa habari ambazo wewe huzisemi. Msalimie Mjomba, umwambie basi limepata njia yake. Mjukuu wako anakusalimu kwa mluzi, na anakungoja akuonyeshe pengo.

Limebaki jambo moja, nalo ni la tiketi yako. Nguo yako usiibadilishe, lakini ile picha iliyo juu ya redio haitafanana na utakachokiona. Ukikaa safu ya mbele utaona mgongo wangu jioni nzima, na sikukusubiri miaka yote hii uje kuona mgongo. Kuna viti vichache nyuma ya okestra, juu ya ngoma kubwa, ambavyo watu hawavipendi kwa sababu ya makelele. Nimekuchukulia kimoja hapo. Utatazamana na mimi uso kwa uso. Wenzangu wote watakuwa wananitazama ili wajue waingie lini. Mama, njoo uwe pale, nipate mtu mmoja anayenitazama kwa sababu ni mimi tu.

Akupendaye na akungojaye,

Kitindamimba wako